Nukta, mkato, aya mpya

Juzi usiku simu yangu imeita mara moja ikakata. Namba ngeni. Mwanangu akasema mama hao matapeli usipige, na labda ni kweli, siku hizi nani anabipu, ukimtaka mtu unamtumia voisi anaisikiliza kesho akijisikia. Ila mimi misdi koli siwezi kuiacha ipite hivi hivi, na mliokuwa na mimi ule mwaka mnajua kwa nini.

2020. Shule zilifungwa Machi, siku chache tu baada ya WHO kutangaza, tarehe 11, kwamba corona sasa ni janga la dunia. Tukaambiwa ni wiki chache. UNESCO walikuja kusema wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 walikuwa wamekaa nyumbani kwa wakati mmoja duniani kote, mimi hesabu ya hivyo hainiingii kichwani, mimi nilikuwa na darasa la sita tu. Mshahara ukawa nusu, halafu ukawa maelezo. Mama mkwe akaugua, akapona, hiyo nishaiandika sirudii.

Kilichotubeba ni grupu la wazazi la WhatsApp, lile lile ambalo kabla ya hapo kazi yake ilikuwa kulalamikia soksi zilizopotea. Kuna mzazi aliandika kwamba ana simu ya zamani kwenye droo, kioo kimepasuka ila mtandao inashika, nani anaitaka. Basi. Zikaanza kuletwa simu getini kwa mlinzi, nyingine hazina mfuniko wa nyuma, moja betri yake imeshikiliwa na raba bendi, na mhasibu anaziorodhesha kwenye daftari la ada maana ada yenyewe hakukuwa na ya kuandika. Mzazi mwenye mashine ya fotokopi akawa anatoa karatasi za mazoezi na hakuuliza hata siku moja atalipwa lini. Mwalimu wa sayansi, yule mbishi wa vikao vyote, akawa anazisambaza kwa baiskeli, barakoa iko kidevuni, anaacha karatasi mlangoni anapiga kengele anaondoka kabla hujamshukuru. Nadhani alikuwa anakimbia shukrani kuliko kirusi.

Simu hazikutosha, na zilizopatikana walipewa kwanza watahiniwa, ndiyo haki. Kwa hiyo baadhi ya wanangu walibaki na vitochi vya majirani. Hao ndio waliokuwa wananibipu, mimi nawapigia, tunasoma hivyo hivyo kwa mdomo. Sasa kupiga simu kila jioni na nusu mshahara mnajua wenyewe. Ila kila nikikaribia kuishiwa naletewa salio, kidogo kidogo, kutoka namba nisizozijua. Nikaandika kwenye grupu jamani ni nani huyu nimshukuru. Kimya. Baada ya muda mrefu mtu mmoja akaweka ile mikono miwili ya kuomba, basi, hakuna aliyesema kitu. Niwaambie ukweli, mimi sikulifurahia sana hilo mwanzoni. Kutoa najua, nimelelewa kutoa. Kupokea kutoka kwa mtu usiyemjua sura, halafu kesho unamkumbusha mtoto wake kunawa mikono sekunde 20 kama vile hakuna kilichotokea, hiyo sikufundishwa.

Sasa usiku wenyewe. Mkuu alitaka tuwape watoto kitu cha kuwachangamsha, nikawapa insha, Watu Ninaowashukuru Mwaka Huu, ukurasa mmoja usizidi. Wenye simu kubwa wakapiga picha wakatuma. Yule wa dawati la nyuma, ambaye darasani ukimuuliza kitu anaangalia dirisha, akabipu saa tatu usiku. Nikapiga.

"Shikamoo mwalimu. Nianze?"

Nikadhani atanisomea kama hadithi. Hapana. Akasoma kila kitu kilichokuwa kwenye karatasi. "Herufi kubwa, Mwaka huu ni mgumu mkato lakini kuna watu wazuri nukta. Aya mpya." Sauti imenyooka kama ya mtu wa taarifa ya habari. Mimi na kalamu nyekundu mkononi, daftari liko kwenye goti, naandika anachosema ili nikisahihishe, na nyuma yake nasikia mtu anaosha vyombo na mbwa anabweka. Akafika kwenye "hatukuwa na karatasi", nikasikia kama amesema "atukuwa", nikamuuliza hapo umeandika kwa H? Kimya kidogo. Halafu nikasikia ufutio, kabisa, kwa kitochi, unasugua karatasi, na penseli ikakwaruza. "Ndiyo mwalimu, iko H." Nikaziba mdomo nisicheke.

Akaendelea. Alimshukuru bibi yake. Alimshukuru jirani mwenye simu, "ambaye ana sharti moja tu mkato nisifungue meseji zake nukta". Alimshukuru mlinzi wa shule kwa kumwacha akae nje ya ukuta pale penye mtandao mzuri. Alimshukuru mwalimu wa sayansi na baiskeli yake, kila mmoja kwa sentensi yake. Alimshukuru mbwa wa mtaani kwao kwa kuacha kumkimbiza mwalimu wa sayansi. "Aya mpya. Mwisho mkato napenda kumshukuru..."

Ikakata. Salio limeisha.

Nikakaa pale na daftari. Saa ile huna pa kununua vocha, na akibipu tena nitamjibu na nini. Ikapita kama robo saa hivi, simu ikaita, na safari hii haikukata. Nikapokea, sauti ya mama mtu mzima, sauti ya mtu aliyechoka kabisa. "Mwalimu, samahani kwa usiku. Huyu mtoto hajamaliza aya yake ya mwisho na amekaa hapa kwangu hataki kuondoka. Msikilize tumalize tulale." Alikuwa ametumia salio lake mwenyewe, huyu mama ambaye mpaka leo simjui zaidi ya ile sauti na vyombo vyake.

"Mwisho mkato," akasema mtoto, amerudia mwanzo wa aya asije akapunguziwa maksi, "napenda kumshukuru mtu anayemtumia mwalimu salio nukta. Simjui nukta. Mwisho wa insha."

Kwa hiyo hata watoto walikuwa wanajua. Nikamwambia vizuri sana, kalale. Mimi sikulala mapema.

Shule zilipofunguliwa tukapangwa mbalimbali, madawati yametiwa alama za chaki, nikamrudishia insha yake niliyoiandika mimi kwa mkono wangu, maksi juu. Akaiangalia akafurahi. Nikamtania, nikamwambia umemshukuru mpaka mbwa, mimi mwalimu wako sikupata hata sentensi moja?

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Mwalimu, si ulisema ukurasa mmoja?"