Kwaya, mpira na baridi ya Tukuyu

Watu wakisikia umesoma shule ya kanisa wanadhani ni sala na daftari tu, hapana jamani. Mi nimesoma bweni huku Rungwe, Mbeya, upande wa Tukuyu, shule ya Wamoraviani (hawa wapo Rungwe tangu 1891), na kilichonijenga zaidi ni mambo ya nje ya darasa.

Jumamosi ukishamaliza usafi na kufua, jioni ni kwaya ya UKWATA, ule umoja wa wanafunzi wa Kiprotestanti. Aliyetufundisha alikuwa mwanafunzi mwenzetu wa fomu faivu, anaandika do re mi ubaoni kwa chaki, besi wanaanza peke yao, wanarudia, wanarudia tena mpaka ikae ndo anaita soprano, na mwezi wa saba ukifungua mdomo kuimba mvuke unatoka, sweta juu ya sweta, ila hakuna anayetaka kuondoka. Wakatoliki nao wana TYCS yao, tulikuwa tunaalikana na nyimbo tunaazimana.

Mpira ndo usiseme, UMISSETA (yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari) ikikaribia hadi walimu wa hesabu wanashinda uwanjani.

Kuna dada alikuwa haongei kabisa darasani, alianzia kwenye kwaya, baadaye akawa anaongoza ibada ya asubuhi mbele ya shule nzima, sauti imetulia kabisa. Ndo maana inaniuma shule zikiwafungia fomu foo kila kitu, eti wajiandae na mtihani wa taifa wa NECTA. Walimu wangu, waachieni basi hata hiyo Jumamosi jioni.