Mkono Mmoja au Mikono Miwili

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii vidole vyangu vimenisuta. Naamka vimekakamaa, na kwenye kinanda nimekuwa nikibaki nyuma ya kwaya. Mimi sikusikia. Waimbaji walisikia, wakanistahi miezi mingi, mpaka kiongozi aliponiita pembeni.

Napenda mbio za magari za langalanga, Formula 1 (mniombee), basi nikarudia kuangalia zile za Hungaria, Agosti 2025. Lewis Hamilton, bingwa mara 7, mtu wa miaka 40, aliambulia nafasi ya 12 kwenye mchujo wa Jumamosi wa kupanga nafasi za kuanzia. Mwenzake wa Ferrari, Charles Leclerc, akawa wa kwanza. Hapo gari utalisingizia nini? Hamilton akatoka akisema yeye hafai kitu, labda timu itafute dereva mwingine. Nilimwelewa mno.

Jumapili yake Fernando Alonso, miaka 44, bingwa wa 2005 na 2006, alimaliza wa 5. Wa 6 alikuwa Gabriel Bortoleto, miaka 20, wa timu nyingine kabisa. Na kijana huyo anasimamiwa na kampuni ya Alonso mwenyewe! Mzee anashindana naye, na huku amembeba mgongoni.

Sasa fungua Hesabu 27. Bwana anamwagiza Musa amwekee mkono Yoshua, mrithi wake. Mkono mmoja. Shuka mpaka mstari wa 23: Musa aliweka mikono. Huyu ndiye aliyekatazwa kuvuka Yordani, naye anamwekea mikono yote miwili yule atakayevuka.

Mimi niliweka mmoja. Jumapili nilimwachia kijana kiti cha kinanda, nikakaa nyuma na lile tabasamu letu la kanisani. Sikumwambia kwamba mama anayeanzisha wimbo mmoja hupandisha sauti ubeti wa tatu bila kumwonya mtu. Ubeti wa tatu ukafika, sauti zikapaa, kinanda kikabaki chini. Kijana akawa anapapasa, jasho linamshuka shingoni. Na moyoni, Mungu anisamehe, nilisikia utamu. Sauli alimrushia Daudi mkuki. Mimi nilinyamaza tu, nikaita unyenyekevu.

Wazee wenzangu, tusemane ukweli. Tunafunga na kuomba Mungu ainue vijana. Akiwainua tunakunja mikono tuwaone wakianguka. "Vijana wa siku hizi hawajui." Na hayo wasiyoyajua, nani ameyakalia? Wewe unayejua ni mjane gani hatasema ana njaa mpaka uende mwenyewe jikoni kwake, umemwambia nani? Wewe mhubiri, kijana wako ameshakuona ukihangaika kuandaa neno, au anakuona madhabahuni tu? Yohana Mbatizaji alisema yeye hana budi kupungua, sawa, tunaupenda mstari huo. Lakini kuna kupungua kwa kususa, unaondoka na funguo mfukoni. Mtafute kijana wako leo, kabla hujaanza kuona uchungu. Na kama uchungu umeshaanza, nenda nao hivyo hivyo.

Jana nilimpigia. Nikamweleza habari ya ubeti wa tatu, na kwamba nilijua tangu mwanzo. Akanyamaza muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Shikamoo tena, mzee. Nyimbo nyingine zenye mtego kama huo ni zipi?"

Ninalo daftari, jalada limeshachanika. Ijumaa nampelekea, na tutakaa wote kwenye kinanda, yeye upande wa kulia.