Herufi Moja Isiyotamkwa

Nilipokuwa mwaka wa tatu nikisoma Kifaransa pale Mlimani, tulipewa kazi ya kutafsiri kurasa za mwanzo za riwaya ya Mariama Bâ wa Senegali, ile iliyotoka mwaka 1979 na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Noma ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Ilinichukua wiki tatu, na sehemu kubwa ya muda huo niliishia kwenye neno moja.

Riwaya yenyewe ni barua. Ramatoulaye, mwalimu aliyefiwa na mumewe, anamwandikia Aïssatou, mwenzake tangu utotoni, na mapema kabisa anamwita mara tatu mfululizo kwa neno lile lile: amie. Kamusi itakwambia kuwa maana yake ni rafiki. Lakini mwishoni mwa neno hilo kuna herufi e ambayo haitamkwi. Ukisoma kwa sauti huisikii, ila ukitazama karatasi unajua papo hapo kuwa anayeitwa ni mwanamke. Kiswahili hakifanyi hivyo. Ukisema "amekuja", msikilizaji hajui kama ni baba au mama, na ngeli zetu, pamoja na wingi wake wote, haziulizi nani wa kiume na nani wa kike. Nilipoandika "rafiki, rafiki, rafiki", sentensi ilikuwa sahihi kabisa, lakini ule ukaribu wa wanawake wawili waliokua pamoja ulikuwa umetoweka.

Jumapili nilikwenda Temeke kwa bibi yangu, nikamkuta uani anapepeta mchele. Baada ya kumwamkia nilimsomea ukurasa ule kwa Kiswahili changu. Hakunisikiliza kama mwanafunzi anavyosikiliza riwaya. Alisikiliza kama mtu anayepewa habari za jirani. Nilipofika kwenye mwito ule alinikatiza.

"Rafiki ni hata yule uliyekaa naye kwenye daladala, mjukuu wangu. Huyo waliyekua pamoja na kutunziana siri ni shoga yake."

Nilimweleza kuwa siku hizi neno hilo limepewa maana nyingine, na kwamba msomaji kijana angeweza kupotoka. Nikamuuliza kuhusu "somo", akalikataa bila kusita, kwa sababu kwake somo ni yule aliyekufunda unyagoni au mnayeitana majina, na Aïssatou hakuwa hivyo.

Kitu kilichonishtua zaidi kilikuja baadaye. Ramatoulaye anaandika barua hiyo akiwa ametengwa ndani ya nyumba kwa miezi minne na siku kumi, kama dini yake inavyomtaka mjane. Darasani mwenzangu mmoja aliyekulia bara alikuwa ameandika "kipindi cha maombolezo", na nadhani alifanya kazi nzuri kwa maneno aliyokuwa nayo. Bibi yangu hakuhitaji hata kuelezwa. "Anakaa eda," alisema, na mkono wake ukaendelea kupepeta. Mwanamke wa Dakar aliyeandikwa kwa Kifaransa alikuwa ameingia uani Temeke, akakuta neno lake linamsubiri.

Tangu siku hiyo nimewasoma watafsiri wetu kwa jicho jingine. Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice, na tafsiri yake ikatoka mwaka 1969, hakuandika mfanyabiashara. Aliandika Mabepari wa Venisi. Azimio la Arusha lilikuwa na miaka miwili tu, na msomaji wa wakati ule alijua neno "bepari" lilibeba uzito gani. Kuna watakaosema aliivuta tamthilia upande wake. Mimi naona alifanya uamuzi waziwazi, akauweka kwenye jalada ambapo kila mtu angeweza kuuona na kuuhoji, na hilo ndilo ninalolitamani katika tafsiri.

Mjomba wangu huniuliza nitafanya kazi gani na Kifaransa. Humjibu kuwa mizigo ya Kongo inapita bandarini kwetu kila siku, kwamba nchi hiyo imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022, na kwamba mahakama ya Afrika ya haki za binadamu pale Arusha haiwezi kufanya kazi bila wakalimani. Aïssatou mwenyewe, baada ya kuachana na mumewe, alisomea ukalimani Ufaransa na akapata kazi katika ubalozi wa nchi yake Marekani. Mjomba huridhika, nami hurudi kwenye kurasa zangu.

Hatimaye niliandika "shoga" katika ule mwito wa mara tatu na "rafiki" kwingineko, na mhadhiri akanitaka niutetee uamuzi huo mbele ya darasa, nikautetea.

Jumapili iliyofuata nilimsomea bibi sehemu ambayo shemeji, baada ya arobaini tu, anakuja kumtangazia mjane kuwa atamuoa. Bibi aliuweka ungo chini.

"Kamkubalia?"

"Kamkataa, bibi. Kamkataa mbele ya watu."

Alinyamaza kidogo, kisha akanisogezea kigoda nikae karibu zaidi. "Soma tena hapo," akasema, "na usiruke hata neno."