Unaomba Kikao Kiamue Nini?

Katika ukoo wetu ukatibu hauombwi. Anayejulikana kuwa na mwandiko unaosomeka anakabidhiwa kaunta buku na kalamu, anaambiwa aandike, basi. Ndivyo nilivyojikuta katibu wa kamati ya harusi ya kaka yangu mwanzoni mwa 2014, nikaandika mihtasari ya vikao ambavyo vingekuwa vifupi sana kama pilau isingetajwa.

Tulikutana Jumapili jioni kwenye baa moja ya Tabata yenye bustani nyuma, kila mtu akijinunulia kinywaji chake. Harusi ilikuwa Jumamosi ya tarehe 3 Mei. Kwaresima ya mwaka ule ilianza tarehe 5 Machi na Pasaka ikaangukia 20 Aprili, kwa hiyo wachumba Wakatoliki wa Dar waliokuwa na haraka walikuwa wanazigombea Jumamosi zile zile chache za baada ya Pasaka. Kumbi zilikuwa hazishikiki. Mwenye ukumbi wetu alitupa mpaka Ijumaa tupeleke nusu ya malipo, la sivyo alikuwa na watu wengine wanaomsubiri na pesa mkononi.

Ukisoma ajenda nilizokuwa naziandika juu ya ukurasa, utadhani ni kamati ya watu makini: kufungua kikao, yatokanayo na kikao kilichopita, taarifa ya mweka hazina, ukumbi, mengineyo. Tatizo lilikuwa kwenye yatokanayo. Hapo ndipo Shangazi alipokuwa anapitia na pilau ya 2011.

Mwaka 2011 binti mmoja wa ukoo aliolewa, na mkuu wa kamati ya chakula alikuwa Baba Mdogo. Wageni wa Shangazi walitoka Morogoro na Coaster, wakafika ukumbini usiku, wakakuta kachumbari na wali uliogandia pembeni mwa sufuria. Nyama ilikuwa imekwisha zamani. Shangazi hakusahau. Baba Mdogo naye hakukubali: alidai Coaster nzima ile haikuwa na kadi, kwamba mchango uliotumwa kutoka Morogoro ulikuwa wa kadi za single, na watu wakaja na wake na watoto. Hawa wawili ni mtu na kaka yake wa tumbo moja. Ukitaja neno chakula, hata kama unaagiza chipsi, walikuwa wanaanza.

Mwenyekiti wetu alikuwa rafiki wa baba, mtu mwema sana, na msimamo wake ulikuwa kwamba kila mjumbe ana haki ya kusema mpaka amalize. Watu walimsifu kwa hilo. Mimi niliyekuwa nashika kalamu niliona kitu kingine, kwa sababu katibu huandika pia nani kaomba udhuru na saa ngapi. Kwenye daftari langu wa kwanza kuondoka walikuwa wale wale kila wiki: dada wa Chanika aliyelazimika kuunganisha daladala Buguruni na tena Gongo la Mboto, mama wa Mbagala aliyeacha watoto kwa jirani, kijana wa zamu ya usiku bandarini. Ifikapo saa mbili wameshaondoka. Na maazimio yote, ukiangalia, yamepitishwa baada ya saa mbili. Ndivyo bajeti ya bia ilivyopanda na ya mapambo ikashuka, na hakuna aliyekula njama. Waliobaki walikuwa ni wale ambao nyumbani kwao ni kuvuka barabara tu. Kwa hiyo mtu akiniambia kumkata msemaji ni udikteta, namuuliza kwanza yeye anakaa wapi.

Jumapili ya tarehe 9 Machi mwenyekiti alikuwa Mwanza kikazi. Kiti kikaenda kwa makamu, Mama Mkubwa, dada yake mama yetu. Nilimwonea huruma. Yeye ni wa upande wa mama, na waliokuwa wanagombana ni wa upande wa baba, mmoja wifi wa mdogo wake, mwingine shemeji. Neno moja likiteleza pale, halizungumzwi tena kama la harusi, linakuwa la ukoo na ukoo.

Nilikuwa nimesahau kwamba maisha yake yote ya kazi alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo. Mahakama ya mwanzo ndiyo inayopokea kesi za watu kama sisi: kuku, matusi ya kwenye bomba la maji, mirathi. Kesi inaendeshwa kwa Kiswahili, enzi zake hakimu alikuwa anakaa na wazee wa baraza, na mtu aliyekuja kudai mbuzi anaweza kuanzia kwa babu yake alivyohamia kijijini. Mama Mkubwa alisikiliza mambo hayo, na kuyaandika kwa mkono, mpaka alipostaafu.

Alifika kabla yetu, akachagua meza iliyo mbali na televisheni. Hilo lilikuwa la maana, kwa sababu siku zile televisheni zote za baa zilikuwa Dodoma. Bunge Maalum la Katiba lilikuwa limeanza tarehe 18 Februari, wajumbe zaidi ya 600, na wiki zilikuwa zinakwenda bila kuigusa rasimu ya katiba mpya iliyoandikwa na Tume ya Jaji Warioba. Walikuwa bado kwenye kanuni: kura iwe ya siri au ya wazi? Pandu Ameir Kificho, mwenyekiti wa muda, alikuwa akimpa mmoja nafasi, wengine wanasimama kuomba mwongozo, wengine taarifa, wengine kuhusu utaratibu. Nchi nzima ikaambukizwa. Hata ukimkatiza mtu kwenye foleni ya duka alikuwa anakwambia, "Mwongozo wa mwenyekiti!" Na sisi kwenye kamati tulikuwa na utani wetu, kwamba wenzetu wanabishana kwa posho ya laki tatu kwa siku, sisi tunabishana kwa soda tuliyoinunua wenyewe.

Mama Mkubwa akavua saa ya mkononi, akailaza mezani mbele yangu. Akasema, "Katibu, leo uandike na dakika." Halafu akabadilisha mpangilio. Ukumbi uwe wa kwanza, kwa sababu una tarehe, yatokanayo yaende mwisho. Mtu wa kwanza kuguna alikuwa Baba Mdogo.

Ukumbi ulikwenda vizuri kwa muda. Mweka hazina akasoma ahadi zilizolipwa na zisizolipwa, akasema tumepungukiwa kidogo kufikia hiyo nusu, dada wa Chanika akasema yeye anamalizia ahadi yake kesho kwa M-Pesa, wawili wengine wakaitika. Tulikuwa tunakaribia kabisa. Ndipo kijana wa mapambo akauliza, kwa nia safi, ukumbi unachukua watu wangapi.

Shangazi akakohoa. "Swali zuri sana, mwanangu. Hata 2011 tuliuliza hivyo hivyo."

Nikaona Baba Mdogo anaweka chupa chini. Shangazi akaanza na Coaster, akaenda kwa dereva wa Coaster, akafika kwa bibi mmoja mwenye sukari aliyelala njaa. Watu wakashika simu zao. Dada wa Chanika akautazama mkoba wake.

Mama Mkubwa hakugonga meza. Alisubiri Shangazi avute pumzi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wifi, nimekusikia. Unaomba kikao kiamue nini?"

Shangazi akasema anachotaka ni watu wajue ukweli.

"Ukweli tumeusikia, katibu ameuandika. Nauliza ombi. Kikao hiki, leo, unaomba kiamue nini?"

Ukimya wake ulikuwa mrefu, na mimi nilikuwa naitazama ile saa. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza. Miaka mitatu watu walimwambia yaliyopita si ndwele, au walimchochea kwa raha yao, lakini hakuna aliyemuuliza anataka nini. Mwishowe akasema, sasa bila ile sauti ya mashtaka, kwamba mgeni anayetoka mkoani asifike akakosa sahani.

"Hilo ni ombi," akasema Mama Mkubwa. "Katibu, andika: wageni wa mikoani waorodheshwe mapema, sahani zao zitengwe. Kuna anayepinga?" Nani apinge? Ikapita. Kisha akaongeza kwamba habari ya 2011 haina ombi lingine, kwa hiyo imefungwa, na tunarudi kwenye ukumbi.

Baba Mdogo akasimama. Alisimama hasa, kama yuko Dodoma. "Mwongozo, mwenyekiti! Mimi nimetuhumiwa, na sijajitetea."

Watu wakacheka, na kusema kweli alikuwa na hoja. Ukimfungia mtu mlango akiwa ndiye aliyesemwa mwisho, anaondoka na dhuluma. Mama Mkubwa akampa dakika mbili. Akazitumia zote kwa kadi za single. Zilipokwisha akaulizwa swali lile lile, naye unaomba kikao kiamue nini, shemeji? Akatafuta ombi, hakulipata. Akarudia kadi. Akaulizwa tena. Akakaa, akageuza kiti upande wa televisheni, akaagiza bia nyingine, Kwaresima hiyo hiyo.

Nimeandika kwenye daftari kwamba mjadala ulifungwa saa 12:50 jioni na ukumbi ukapitishwa saa 1:05. Dada wa Chanika alipiga kura ya ukumbi akiwa amekaa, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Jumatano mweka hazina akapeleka pesa.

Sitaki kuchora picha kwamba mambo yaliishia hapo kwa amani. Jumapili iliyofuata Baba Mdogo hakuja, na ahadi yake, ambayo ilikuwa kubwa, haikuja pia. Baba alinuna. Ikasemwa pembeni kwamba upande wa mama umekuja kututawala. Mama Mkubwa hakujibu wala hakuitisha kikao cha usuluhishi, maana kikao kingempa Baba Mdogo hadhira. Siku ya kazi jioni akapanda daladala mpaka nyumbani kwa Baba Mdogo, Kimara, akabeba kilo mbili za sukari, akakaa. Alinisimulia baadaye kwamba Baba Mdogo aliongea mpaka saa nne usiku: Coaster, kadi, mpishi aliyeiba nyama, ndoo za pilau zilizotolewa mlango wa nyuma na watu anaowajua kwa majina. Hakumkatiza hata mara moja. Kikaoni alimpa dakika mbili, nyumbani kwake akampa jioni nzima, na naona bila ile jioni zile dakika zingekuwa ukatili tu.

Alipoaga alimwomba asimamie meza ya chakula harusini, kwa sababu hakuna mwingine anayejua pilau inapotelea wapi. Kwenye kikao kilichofuata Baba Mdogo alikuwepo, na ahadi yake mkononi. Tarehe 16 Aprili wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, walipotoka kwenye Bunge Maalum, vijana wa kamati wakamtungia Baba Mdogo jina la UKAWA wa Pilau. Alilichukia kwa siku mbili, kisha akawa anajiita mwenyewe.

Siku ya harusi alisimama mlangoni mwa jiko na orodha, anahesabu kadi kwa kidole. Wageni wa Morogoro walikula. Nilimwona Shangazi akiwatazama wanavyokula, na yeye mwenyewe akasahau kula mpaka akaletewa.

Jumapili moja mwishoni mwa Mei tukakutana kuvunja kamati. Mweka hazina akasoma taarifa, kilichobaki kikapigiwa kura kiende kwenye nyama choma ya siku ile ile, mwenyekiti akashukuru wote. Saa 12:30 nikaandika kikao kimefungwa, nikafunika kalamu. Mama Mkubwa akaniuliza kama nimefunga kabisa. Nikasema nimefunga. Akamgeukia Shangazi, akavuta kiti karibu. "Haya wifi, hiyo Coaster ya 2011, ilikuwa na watu wangapi hasa?" Dada wa Chanika akabeba mkoba wake, akatuaga.