Daftari la Machi 8

Mteja wa kwanza kudai pesa ya tiketi yake ya Yanga na Simba alifika saa 2 asubuhi kibandani kwangu Tandika, Dar es Salaam, ninapouza tiketi za mpira, mechi yenyewe ikiwa bado haijaahirishwa. Mkononi alikuwa na simu yenye taarifa ya Simba iliyotoka usiku: hawachezi, kwa kuwa jioni ya Machi 7 walizuiwa kuingia Uwanja wa Benjamin Mkapa kufanya mazoezi ya mwisho, na kanuni za ligi zinaipa timu mgeni haki hiyo. "Wakala, nipe changu mapema kabla foleni haijaanza," akasema. Nikamjibu kwamba kwenye mashine mechi bado ipo. Akacheka. "Hiyo mashine inacheza winga gani?"

Ilikuwa Jumamosi, 2025, mwezi wa Ramadhani. Kwenye mashine ya kuuzia tiketi, Yanga na Simba, saa 1:15 usiku, ilikuwa bado inauzika, majukwaa yote yamefunguliwa. Yanga nao walisema wao wanakwenda uwanjani kama ratiba inavyotaka, na mashabiki wao waliendelea kununua kwa mbwembwe. Kati ya saa 2 na saa 5 niliuza tiketi 11. Sikupaswa. Saa 5 nikaizima mashine, na sijidai kwamba ulikuwa uadilifu. Nilikuwa nimeanza kujiuliza nani atasimama mbele ya dirisha langu jioni.

Watu wengi hudhani pesa aliyopewa wakala imelala kwenye droo ya wakala. Haipo. Wakala hununua floti kwanza, yaani salio la kuuzia tiketi kwenye mashine. Mteja akileta kadi yake ya kielektroniki ya kuingilia uwanjani, naigusisha kwenye mashine, nachagua mechi, nachagua jukwaa (mzunguko, machungwa, VIP na kuendelea), nathibitisha. Papo hapo floti yangu inapungua na tiketi inaingia kwenye kadi. Noti anayonipa inafukia tu shimo lililobaki kwenye floti. Kwa hiyo nikimrudishia noti ile kutoka kwenye droo, nimempa ya kwangu, na tiketi bado imo kwenye kadi yake, hai kabisa, siku mechi ikichezwa anapita nayo getini. Kuifuta tiketi kulihitaji mtu wa upande wa pili wa mfumo, na namba ya mtu huyo siku ile ilikuwa inaita mpaka inakatika yenyewe.

Huko upande wa pili nako pesa haikai kama bonge moja. Katika kila shilingi 10,000 ya kiingilio, kodi ya ongezeko la thamani ya 18% peke yake ni kama shilingi 1,525, na kinachobaki kina wenyewe wengi wanaokisubiri. Kurudisha maana yake kila mmoja aachie kipande chake. Ndiyo maana mwandaaji yeyote, awe wa mpira au wa tamasha la muziki, jibu lake la kwanza huwa "tiketi yako itatumika siku nyingine". Jibu hilo halimgusi mtu mfukoni, isipokuwa mwenye tiketi.

Mchana tangazo la kuahirishwa likatoka. Haikupita nusu saa, foleni ikafika kwa fundi cherehani wa jirani. Sikuwa na pesa ya kurudisha wala amri ya kurudisha, ila nilijua kitu kimoja: siku mlango wa madai ukifunguliwa, atakayelipwa ni mwenye ushahidi. Nikachukua kaunta buku, nikachora safu sita: jina, namba ya kadi, jukwaa, namba ya muamala, namba ya simu iliyosajili kadi, na alikonunua. Mpaka saa 3 usiku nilikuwa nimeandika watu 63.

Kati yao, 27 walinunua dirishani kwangu. Hao walikuwa wepesi, mradi risiti iwepo. Lakini risiti za mashine zile ni karatasi ya joto, haina wino. Iweke kwenye pochi, ikalie, ipate jasho siku tatu, unabaki na karatasi nyeupe. Kijana mmoja alinipa risiti iliyobaki tarakimu nne za mwisho tu, nyingine zimefutika kama chaki. Tangu siku hiyo kila risiti ninayotoa namwambia mteja aipige picha hapo hapo, kabla hajaikunja.

Watu 19 walilipa kwa simu. Hawa ushahidi wao ni ujumbe wa muamala, na karibu nusu walikuwa wameshaufuta ili kupunguza ujumbe kwenye simu. Ukiufuta, taarifa ya miamala inapatikana kwa mtandao wako, ila inakupasa uombe na uwe na subira. Halafu kuna makato. Aliyetuma kiingilio alikatwa na ada ya kutuma, na ada hiyo ni malipo ya huduma iliyokwisha kutolewa. Hata kiingilio kikirudi chote, yenyewe hairudi. Mama mmoja aliyewanunulia wanawe watatu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo mwanangu, mimi nimelipia kutuma pesa ili isirudi?" Nilikosa cha kumjibu.

Wazee wa foleni walikuwa wanakumbuka Mei 8, 2021. Mechi ya hawa hawa ilisogezwa siku hiyo hiyo kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku. Yanga wakaja kwa saa ya kwanza, wakaondoka, Simba wakaja kwa saa ya pili, mpira haukupigwa hadi Julai 3, Yanga waliposhinda 1–0 kwa bao la Zawadi Mauya. Safari ile watu walikuwa wameshakaa vitini. Na hilo ni gumu kuliko la 2025, kwa sababu kadi ikishaguswa getini, mashine inahesabu tiketi imetumika. Haina habari kama ndani kulikuwa na mpira au watu wawili wanakata nyasi. Anayedai akiwa nje ana tiketi nzima. Anayedai baada ya kuingia ana maelezo tu.

Waliosalia 17 ndio walionichosha. Wanane walikuwa na kadi za kuazima. Mtu ametoka Songea au Lindi, hana kadi, mwenyeji wake anamtafutia ya jirani; kwa kuwa kadi moja inabeba tiketi moja kwa mechi moja, kundi la watu sita linatembea na kadi za mtaa mzima. Ukimuuliza kadi imesajiliwa kwa namba gani, anakutazama kana kwamba umemuuliza jina la bibi wa jirani huyo. Katika watu wote 63, safu ile ya namba ya usajili ilibaki tupu kwa 24. Na pesa, zikirudi kwa njia ya mfumo, zinakwenda kwenye namba ile ile. Mfumo unaijua kadi. Aliyekaa basi saa kumi na mbili haumjui.

Hao wa mikoani ndio waliokuwa na hasira ya kweli, na si ya kiingilio. Nauli kwenda na kurudi, gesti usiku mmoja, chakula: kiingilio kilikuwa sehemu ndogo kabisa ya hesabu yao, na ndiyo pekee iliyokuwa na mahali pa kudaiwa. Mechi ilipokuja kupangwa Juni 15, ikasogezwa tena hadi Juni 25 na Yanga wakashinda 2–0, nilipigiana simu na wawili wa Songea. Jumatano, saa 11 jioni. Mmoja ni mwalimu. Hata angepewa tiketi mpya ya bure na juisi juu yake, isingemfaa kitu.

Tisa wa mwisho walinunua kwa walanguzi pale nje ya uwanja, kadi na tiketi yake kwa pamoja, bei juu ya ile iliyoandikwa. Niwe mkweli: kabla ya siku ile nilimwona mlanguzi kama mwenzetu wa biashara, anachukua kadi kwangu kwa jumla, anauza rejareja, kila mtu ana riziki yake. Sikuwa nimefikiria kinachotokea mambo yakirudi nyuma. Aliyenunua kwake hana risiti. Hana ujumbe wa muamala. Kadi imesajiliwa kwa simu ya mlanguzi. Na kile alichoongeza juu ya bei hakimo popote duniani isipokuwa mfukoni mwa aliyekipokea.

Saa 12:40 hivi adhana ikaita, foleni ikakaa chini. Mama wa mihogo akaleta sinia, mtu akafungua mfuko wa tende, uji ukapita kwa vikombe viwili vya plastiki mikononi mwa watu ishirini. Jezi nyekundu na za kijani zilikuwa zimechanganyikana kwenye benchi moja, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakuna aliyekuwa anabishana kanuni inasema nini. Saa 1:15 ikapita. Mmoja akatazama simu yake, akapuliza filimbi kwa vidole, watu wakacheka kidogo, tukaendelea kuandika.

Karibu saa 3 akaja kijana ninayemfahamu vizuri, mteja wangu wa jumla. Hakukaa kwenye foleni. Alipita pembeni, akaegemea dirisha. "Bosi wangu, niandike na mimi." Akatoa karatasi yenye namba sita za kadi, zimepangwa vizuri, kila moja na namba ya muamala wake na simu iliyosajiliwa. Hakuna aliyekuja na ushahidi kamili kama wake siku nzima. Kadi zenyewe hakuwa nazo.

"Ziko wapi?" nikamuuliza.

"Nimeziuza jana. Lakini zinasoma jina langu."

Nikarudi kurasa mbili nyuma. Namba ya tatu kwenye karatasi yake nilikuwa nimeshaiandika saa 10 jioni, kwa jina la mzee mmoja wa Lindi aliyenionyesha kadi mkononi, hana risiti, hana ujumbe. Yule mzee bado alikuwa kwenye benchi, anamalizia mhogo wake. Nikaandika tena namba ile ile chini, kwa jina la pili, nikachora mshale kutoka mstari mmoja kwenda mwingine. Kijana akaniuliza mshale ni wa nini. Nikamwambia ageuke amsalimie mzee.