Nilivyotoa kutu kwenye vifaa vya babu

Babu alikua fundi mitumbwi Kibirizi hapa Kigoma, alipofariki vifaa vyake vikabaki kwenye kiroba stoo kwa mama, bati linavuja na mvua za huku zinaanza mwezi wa 10 hadi wa 5, basi nimekuja kuvitoa mwaka huu: tezo (kishoka cha kuchongea mbao), patasi nne, chuma cha randa na msumeno vyote kutu tupu, patasi mbili zimegandana kabisa. Fundi mmoja akaniambia tumbukiza kwenye maji ya betri, nikakataa, ile asidi inakula mpaka chuma chenyewe na mvuke wake unaumiza kifua.

Nikanunua siki nyeupe chupa tatu soko la Mwanga. Nikachomoa mipini, nikaosha kwanza kwa sabuni maana penye mafuta ya zamani siki haishiki, nikalaza kwenye beseni la plastiki (sufuria ya alumini usiweke, siki inaila). Vipovu vikaanza kupanda. Kesho yake kutu imelainika kama ugoro uliolowa, ukipitisha stiliwaya linatoka tope jeusi na kwenye patasi moja yakatokea maandishi SHEFFIELD (mji wa Uingereza unaojulikana kwa vifaa vya chuma), nikamwita mama aje aone, hakuwahi kujua yapo.

Ila patasi ya kwanza iliniuma roho. Nimeiosha imetakata, nikaiweka dirishani nikaenda kunywa chai, narudi imeshapiga rangi ya chungwa upya! Chuma kikitoka kwenye siki kiko uchi, maji kidogo tu kinashika kutu hapohapo. Zilizobaki nikawa nazipitisha kwenye maji ya magadi kuua asidi, maji safi, kitambaa kikavu, halafu pembeni ya jiko la mkaa mpaka zipate moto wa kushikika, zikiwa bado vuguvugu napaka mafuta ya cherehani. Mama alitaka nipake mawese, nikamwambia mama yale yanaganda yananasa vumbi, nilishayaona kwenye panga.

Msumeno sikuulaza usiku, nimeupa lisaa limoja tu kwa sababu meno ni membamba. Vishimo vimebaki kwenye chuma cha randa, hivyo havitoki kwa siki, nimesugua kwenye jiwe upande wa makali tu na sasa inakata.

Tezo nimeitia mpini mpya wa mpera. Jumamosi mjomba analeta mtumbwi wake wenye ubao uliooza, kazi inaanzia hapo.