Kumbukumbu ya mradi: kusoma mawazo kwa kadi 32 za chemsha bongo

Toleo la 1: bunda

Mchezo ni huu: watazamaji watano wanachukua kadi kila mmoja yake, nawe unataja jibu ambalo kila mmoja analiwaza. Kadi ziko 32. Kila moja ina swali juu na jibu limeandikwa chini yake. Kadi 16 jibu lake ni mtu (Filbert Bayi, Shaaban Robert, Wangari Maathai), na 16 jibu lake ni mahali (Bagamoyo, Ngorongoro, Lamu). Jibu lisipoandikwa, mtazamaji asiyelijua atabaki akiwaza hewa, na hakuna cha kusoma.

Karatasi ya A4 hugawanyika vipande tisa vya sentimita 7 kwa 9.9 bila kubakiza kitu. Karatasi nne zinatoa kadi 36, kwa hiyo nne ni za akiba. Manila ya gramu 250 inatosha. Ya kawaida ya gramu 80 inaonyesha maandishi kwa nyuma. Zikatwe kwa mashine ya steshenari, siyo mkasi: kadi iliyozidi wenzake hata milimita moja hunasa kidole, na kila mtu atakata bunda (kuligawa mara mbili na kuweka la chini juu) pale pale.

Siri

Siri yote ni mpangilio. Mtu aandikwe 1, mahali 0, kisha kadi zipangwe kutoka juu hivi:

00000 10010 11001 11110 00110 11101 01

Soma tarakimu tano mfululizo popote, ukifika mwisho uunganishe na mwanzo: kila mchanganyiko unatokea mara moja tu. Mfuatano wa namna hii umepewa jina la mwanahisabati Mholanzi Nicolaas de Bruijn, aliyeandika juu yake mwaka 1946. Persi Diaconis, aliyekuwa mwanamazingaombwe kabla ya kuwa profesa wa Stanford, ameufanya maarufu kwa karata za kawaida: kopa na uru upande mmoja, shupaza na pau upande wa pili. Kadi za chemsha bongo zinauficha vizuri zaidi, maana hakuna rangi ya kutiliwa shaka.

Bunda liko mezani, kifudifudi. Watu kadhaa wanakata, mara nyingi wapendavyo. Kukata hakuharibu mzunguko. Kisha watano waliosimama kwa mstari wanachukua kadi ya juu mmoja baada ya mwingine, wanasoma kimoyomoyo na kuificha. Unasema: "Wenye jibu la mtu wasogee hatua moja mbele, nitenganishe mawazo." Akisogea wa kwanza, wa nne na wa tano, una 10011. Hiyo inaanzia kadi ya 12, basi watano hao wameshika kadi ya 12 hadi ya 16.

Toleo la 2: karatasi ya alama

Hakuna haja ya kukariri. Mwendesha chemsha bongo huwa na karatasi ya alama mkononi, na hakuna anayeishangaa. Juu yake kuna mafungu manne kwa tarakimu mbili za kwanza (00, 01, 10, 11), kila fungu mistari minane kwa tatu zilizobaki, kuanzia 000 hadi 111, na kila mstari una namba ya kadi ya kwanza. Chini yake ni orodha ya majibu kwa mpangilio. Orodha iwe na mistari 37, siyo 32: tano za mwanzo zirudiwe mwishoni, ili ukianzia kadi ya 30 jicho lisipande juu tena.

Usitaje majibu kwa kufuata mstari. Anza na wa tatu, rukia wa tano, rudi kwa wa kwanza. Ukienda kushoto kwenda kulia, mjanja mmoja atahisi mnyororo.

Yanayoharibika

Kubwa ni mikono iliyozoea karata. Mpe mtu bunda mkononi, atalichanga bila kufikiri, na hapo kazi imekwisha. Liache mezani, sema "kata, weka la chini juu", na usilitoe mezani hata kidogo.

La pili ni majibu yenye sura mbili. Victoria ni malkia na pia ni ziwa. Nyerere ni mtu, lakini pia ni hifadhi ya taifa na bwawa. Hata swali likiwa wazi, mtu husitasita kusogea. Kadi za namna hiyo zimetolewa zote.

La tatu limetusumbua zaidi. Kwa kuwa michanganyiko yote 32 ipo kwenye bunda, kosa la mtu mmoja halionekani: unapata jibu kamili, la uhakika, na la uongo kwa watu wote watano. Hakuna kengele inayolia.

Toleo la 3: mtu wa sita

Dawa imo ndani ya mfuatano wenyewe. Wa kwanza na wa tatu wakifanana (wote mbele au wote nyuma), wa sita abaki nyuma. Wakitofautiana, wa sita awe mbele. Isipokuwa 00000, ambapo wa sita ni mtu, na 10000, ambapo ni mahali. Katika mfano wa juu, 10011 inadai wa sita awe mbele, na kadi ya 17 kweli ni ya mtu. Ukaguzi usipokubali, sema: "Kuna mmoja hapa anayumba, someni tena swali." Mara nyingi mwenye kosa hujisogeza mwenyewe.

Lakini mtu wa sita anakamata kosa la wa kwanza, la wa tatu au lake tu. Kukamata kosa la yeyote kunahitaji watu wanane (wa saba hukaguliwa kwa wa pili na wa nne, wa nane kwa wa tatu na wa tano), na kutaja majibu manane kunachosha ukumbi. Tumebaki na sita.

Kurudisha: kusanya kwa mpangilio ule ule, kadi ya wa kwanza iingie chini ya bunda, ya wa pili chini yake, hadi ya sita. Mzunguko uko salama kwa duru nyingine.

Kinachofuata

Makundi matatu badala ya mawili: mtu, mahali, mwaka. Hapo watu watatu wanatosha kwa kadi 27, yaani karatasi tatu za A4 kamili. Gharama yake ni swali la pili kwa watazamaji ("na wenye mwaka wainue mkono"), na bado halijapata maneno yasiyonuka ujanja.